Siku ya Mizani: Jibu kwa Akina Mama wa Agago

Swali: "Salamu kutoka Agago, kaskazini mwa Uganda. Sisi ni kikundi cha akina mama 34. Tunaokota mbegu za yaa, mti unaoitwa pia shea, tunakamua mafuta, tunauza sokoni na kwa wachuuzi wanaokuja na pikipiki. Mwezi uliopita alikuja mgeni, akatuambia kuna mtandao wa biashara zenye maadili, wauzaji na wanunuzi walioahidiana kulipana kwa haki, kutunza miti na kurudisha sehemu ya faida kijijini. Alisema mitandao ya namna hii imefufua miji iliyokuwa imekufa huko Ulaya. Anataka tujiunge na tulipe ada. Sisi tumezoea ahadi tangu tulipokuwa kambini wakati wa vita. Je, jambo hili ni la kweli, na linaweza kuinua wilaya iliyochoka kama yetu? — Katibu wa kikundi"

Dada Katibu,

Ndiyo, ni kweli. Yapo maeneo yaliyoinuka kwa njia hiyo, na nitakutajia mawili. Ila mgeni wako akirudi, msimsikilize sana anapotaja maadili. Msikilizeni anapotaja siku: siku gani mzigo unapimwa, siku gani hela inaingia mkononi, na katikati ya siku hizo mbili nani anabeba njaa. Nimefanya kazi na vyama vya ushirika kwa miaka mingi, na vingi nilivyoviona vikifa vilifia hapo katikati.

Nikupe mfano. Mwanzoni mwa kazi yangu nilitumwa kwenye chama kimoja cha kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon. Chama kilikuwa na kila kitu ambacho mgeni wako angekisifu: cheti ukutani, mnunuzi wa ng'ambo aliyekuja kupiga picha na wakulima, na bei iliyoandikwa kwa chaki ubaoni, juu kuliko ya wafanyabiashara wa barabarani. Asubuhi moja alikuja bibi mmoja na kahawa yake kwenye gunia, imeoshwa, imekauka vizuri, bado ina lile ganda lake jembamba. Karani akapima: kilo 23. Akamwandikia stakabadhi. Bibi akaigeuza ile karatasi mara mbili, akauliza, "Na hela?" Karani akamwambia asubiri kama wiki sita, mzigo ukishapakiwa melini Mombasa. Bibi hakugombana. Alirudisha karatasi mezani, akaomba gunia lake, akalibeba mpaka barabarani, ambako kijana mmoja alikuwa ameegemea pikipiki yake, mizani ya ndoano ikining'inia kwenye usukani. Mizani ile ilisoma kilo 20, na bei ilikuwa chini ya ile ya ubaoni. Mjukuu wake alikuwa amelazwa, na hela ilihitajika kabla ya jioni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikuwa na la kumwambia.

Kufika mwisho wa msimu chama kile hakikuwa na kahawa ya kutosha kutimiza mkataba wake. Mnunuzi akaenda kwingine. Wanachama wakaambiwa hawana uaminifu. Neno hilo liliniuma, kwa sababu bibi yule alikuwa mwaminifu kuliko sisi tuliomtaka atukopeshe kahawa yake wiki sita bila riba, mtoto akiwa wodini.

Kwenu hali ni kali zaidi. Yaa huanza kuanguka karibu na Mei na kuendelea mpaka Agosti, wakati maghala yamekauka, mazao ya mvua ya kwanza bado yako shambani, na shule zinafungua muhula wa pili. Mama anaokota mbegu alfajiri na anahitaji unga jioni. Mchuuzi anajua hilo vizuri. Ndiyo maana anakuja Juni na si Januari, na ndiyo maana anapima kwa beseni lililojaa mpaka linamwagika badala ya kilo. Mtandao wowote usiokuwa na jibu kwa mwezi wa Juni hautawasaidia, hata ukiwa na moyo mzuri kiasi gani.

Sasa hiyo miji ya Ulaya. Nadhani mgeni alikuwa anaufikiria mji wa Mondragón, katika nchi ya Wabaski, Uhispania. Mji ule ulikuwa umechakazwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1939. Mwaka 1941 alifika padri kijana, José María Arizmendiarrieta. Hakuanza na kiwanda. Alianza na shule ya ufundi, mwaka 1943. Miaka 13 baadaye, mwaka 1956, vijana watano waliopita mikononi mwake walianzisha kiwanda kidogo cha majiko, mali ya wafanyakazi wenyewe. Watu wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, kwenye majiko. Mimi huwa nakazia mwaka 1959, walipoanzisha benki yao ya ushirika, Caja Laboral. Akiba za watu wa mji ule zikaacha kusafiri kwenda kujenga miji mingine. Zikakopeshwa kwa vyama vya palepale, kimoja baada ya kingine. Leo mtandao ule una wafanyakazi wapatao 70,000. Haukuwa salama siku zote: mwaka 2013 kampuni yao kubwa ya vyombo vya nyumbani, Fagor, ilifilisika. Lakini wengi wa wafanyakazi wake walipokelewa na vyama vingine ndani ya mtandao uleule. Mtandao wa kweli unaujua siku ya msiba.

Wazee wetu nao walijenga. Bugisu, huko Elgon, walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu 1954, na kwenu Acholi na kwa jirani zenu wa Lango pamba ilipita mikononi mwa vyama. Havikufa kwa uvivu wa wakulima, ingawa husemwa hivyo. Serikali za baada ya uhuru ziliviingilia, vita vikala magari na maghala, na kwenu mkapoteza ng'ombe, ambao ndio waliokuwa benki ya kila boma na pia jembe lake. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wakaingia wafanyabiashara wenye fedha taslimu, vyama vikabaki na karatasi. Na mwaka 1999 Benki Kuu ikaifunga Benki ya Ushirika. Weka tarehe hizo mbili pamoja, 1959 ya Wabaski na 1999 yetu, uone tulipoachana nao.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgeni ni hili: wanunuzi wa mtandao wako wanatoa malipo ya awali? Si jambo la ajabu kuliuliza. Katika kahawa, kanuni za biashara ya haki, zile zenye alama ya Fairtrade, zinakipa chama haki ya kuomba malipo ya awali mpaka asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Mnunuzi anayesema anapenda wakulima lakini hataki kutanguliza hata shilingi anawaomba ninyi mumkopeshe. Mwambieni hivyo, kwa heshima, mkimtazama usoni.

Hata akikubali, msingoje hela yake peke yake. Ninyi tayari mna kitu ambacho mgeni huenda hakukiona: lile sanduku la akiba la makufuli matatu, bol cup kama mnavyoliita huko, ambalo najua karibu kila kijiji cha Acholi na Lango kina lake. Kwa kawaida mnagawana Desemba, hela inaliwa Krismasi na ada ya muhula wa kwanza. Nashauri mfungue mfuko wa pili kando ya huo, mfuko wa mizani, usioguswa mpaka yaa ianze kuanguka. Tuseme kila mama anaweka shilingi 2,000 kwa wiki, kuanzia simsim inapouzwa, kwa wiki 20. Akina mama 34 watakuwa na shilingi 1,360,000. Haitoshi kununua mzigo wote. Lakini inatosha kumlipa kila mmoja 40,000 siku anapopima mbegu zake, na salio likaandikwa daftarini. Mwenye 40,000 mkononi siku ya mizani anaweza kumwambia mchuuzi aende zake. Nimeona vikundi vikisimama kwa kitu kidogo kama hicho, na nimeona vyenye ruzuku ya mamilioni vikianguka kwa kukikosa.

Kuhusu bei, nitakuwa mfupi, maana watu huitegemea kupita kiasi. Bei ya chini inayohakikishwa ni kama mkeka: unaukumbuka ukianguka. Mwaka 2001 kahawa ya arabika ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili kwenye soko la dunia, na waliokuwa na mkeka walinusurika. Mwaka 2023 bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa ilipandishwa mpaka dola 1.80 kwa ratili, lakini mapema 2025 soko lenyewe lilipita dola 4, na mkeka haukuwa na kazi. Cha maana kuliko ile bei ni nyongeza ya senti 20 kwa kila ratili ambayo chama hupokea soko likiwa juu au chini, na wanachama wenyewe wanaamua kwa kura itumikeje. Mkiingia mtandao wowote, ulizeni kama kuna nyongeza ya aina hiyo na nani anapiga kura juu yake. Ikiwa uamuzi unafanyika Kampala au ng'ambo, hiyo ni sadaka, na sadaka hukoma mtoaji akichoka.

Mji wa pili niliotaka kukutajia ni Preston, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Mwaka 2011 mpango mkubwa wa kujenga maduka mapya ulivunjika, na mji ukabaki hauna mwekezaji. Halmashauri ikafanya jambo ambalo naliona la busara sana. Ilikaa na taasisi ambazo haziwezi kuhama, kama chuo, polisi na shirika la nyumba, ikauliza: sisi wenyewe tunanunua wapi? Wakakuta sehemu ndogo sana ya manunuzi yao inabaki mjini. Wakaanza kugawa zabuni vipande vidogo ambavyo biashara za mji zingeweza kuvibeba. Kati ya mwaka wa fedha 2012/13 na 2016/17, matumizi ya taasisi hizo ndani ya Preston yalipanda kutoka pauni milioni 38 mpaka zaidi ya milioni 110. Fedha ile haikuletwa na mfadhili. Ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa inapita tu mjini.

Tazama sasa kwenu. Tangu 2022 kuna mpango wa maendeleo wa parishi, PDM, shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, milioni moja kwa kaya. Milioni ile ikinunua vifaranga vya Kampala na chakula cha kuku cha Kampala, imelala parishini usiku mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta yenu. Mbegu mnazowauzia wachuuzi zinakamuliwa kwingine, mafuta yanatiwa kwenye vikopo kwingine, halafu mnauziwa sabuni iliyofika kwa basi. Hospitali na shule za Gulu, Kitgum na Lira zinanunua sabuni kila mwezi. Mtandao ambao ningependa kuuona kwenu unaanzia hapo kabla haujafika Ulaya: mfua chuma wa Patongo anayetengeneza mashine ya kukamulia, fundi wa kushona mifuko, akina mama wa sabuni, shule mbili tatu zilizokubali kununua kwa barua. Mteja wa ng'ambo, tuseme wa Paris, akiwaacha, shule hizo zitakuwa bado ziko palepale.

Simaanishi mmwache mteja wa Paris. Mna kitu ambacho dunia inakitafuta. Yaa yenu ni ya jamii ya nilotica, inayoota Uganda, Sudan Kusini na majirani zao, tofauti na ile ya Ghana, Burkina Faso na Mali. Mafuta yake ni laini zaidi, yanayeyuka kwa joto dogo, na watengenezaji wa vipodozi huyapenda kwa sababu hiyo. Lakini mnunuzi wa namna hiyo anapima asidi na moshi. Mbegu zikilala kwenye rundo lenye unyevu zinachipua na kuota ukungu, na mafuta yake yanachacha. Zikikaushwa juu ya moto, mafuta yananuka moshi na yanakataliwa. Kwa hiyo kazi ya ubora haiko kiwandani. Iko nyumbani kwako, siku tatu za kwanza baada ya kuokota: kutoa nyama ya tunda upesi, kuanika kwenye turubai au uchaga, si juu ya udongo, na kuziingiza ndani mawingu yakitanda. Turubai moja nzuri kwa kila mama ina faida kuliko semina tano.

Tena kuna miti yenyewe. Mti wa yaa huchukua miaka 15 mpaka 20, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuzaa vizuri. Ukikatwa unatoa magunia machache ya makaa mara moja tu, basi. Mei 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini, nanyi mnajua kuliko mimi malori hupita saa ngapi. Amri peke yake haimlindi mti ambao mwenye shamba hapati kitu kwake. Hapo mtandao wa haki unaweza kufanya kazi ambayo askari hawezi: kumfanya kijana aone mti wa mama yake una hela kila mwaka. Ombeni jambo hili liandikwe kwenye mkataba, kwamba sehemu ya nyongeza inakwenda kwa wenye miti waliyoihesabu na kuiwekea alama.

Nikusimulie pia kitu kinachonitia moyo, nikiwa bado Elgon. Joab Jonadab Keki, mkulima wa kahawa na Myahudi wa jamii ya Abayudaya huko karibu na Mbale, alikuwa New York siku ya Septemba 11, 2001. Aliporudi alianza kupita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani zake Waislamu, Wakristo na Wayahudi wauze kahawa pamoja. Mwaka 2004 wakaanzisha chama walichokiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na kampuni moja ndogo ya California ikanunua kahawa yao. Watu wa nje walivutiwa na habari ya dini. Mimi navutiwa na kule kupita nyumba kwa nyumba. Kwenu kuna waliorudi kutoka msituni, waliobaki kambini, waliopora na walioporwa, na wote wanaokota chini ya miti ileile. Mgeni hawezi kuwapatanisha kwa ada. Lakini daftari moja, linalosomwa kwa sauti mbele ya wote kila Jumamosi, mama kwa mama, kilo kwa kilo, hujenga kitu ambacho sikuwahi kukiona kikijengwa na hotuba.

Sasa, hiyo ada. Msilipe bado. Mwambieni mgeni awaletee vitu vitatu kwa maandishi: majina ya wanunuzi walionunua yaa au bidhaa inayofanana nayo kupitia mtandao huo msimu uliopita, kiasi walichonunua, na namba ya simu ya kikundi kimoja walichokilipa. Kipigieni simu kikundi hicho ninyi wenyewe, bila yeye kuwepo. Waulizeni walilipwa baada ya siku ngapi. Ulizeni pia nani anabaki na cheti, ile karatasi inayothibitisha jinsi mzigo ulivyopatikana: vyeti vingi vya mazao ya porini hutolewa kwa jina la kampuni inayolipia ukaguzi, na mkiachana nayo mnaondoka mikono mitupu ingawa miti ni yenu na kazi ni yenu. Afadhali msubiri miaka miwili na cheti kiwe chenu. Na mkataba ukija kwa Kiingereza kitupu, usitiwe sahihi mpaka usomwe wote kwa Kiacholi mkutanoni.

Wakati mnasubiri majibu, nendeni kwa ofisa biashara wa wilaya mwanze kujisajili kama chama cha ushirika. Sheria inataka watu 30 au zaidi, nanyi mko 34, kwa hiyo mnatosha hata wawili watatu wakihama. Mkiwa kikundi tu, kikundi hakiwezi kumshitaki kwa jina lake mnunuzi aliyewakimbia. Mkiwa chama, chama kinaweza. Ongezeeni mizani yenu wenyewe, ya jukwaa, si ya ndoano, yenye muhuri wa shirika la viwango, UNBS. Iwekeni mahali pa wazi ambapo kila mtu anasoma namba, na mruhusu hata asiye mwanachama apime mzigo wake bure kabla ya kwenda kwa mchuuzi. Mchuuzi atakasirika wiki ya kwanza. Wiki ya pili ataanza kupandisha bei, na hapo hata mama ambaye hajawahi kusikia habari za mtandao atakuwa ameshapata faida yake.

Barua ya mgeni ikifika, nitumie nakala. Nitaisoma mstari kwa mstari, na nitakuandikia kabla ya mvua za Aprili.